Mashine ya Kiunoni

Msomaji wangu, huenda umepata kumwona mtu mzima akitafuna peremende mbele ya watu, ukamcheka moyoni na kumdhania mlafi. Mimi ni mmoja wa watu hao. Mkoba wangu haukosi peremende, wala meza yangu ya darasani haikosi kopo la sukari, nami si mlafi hata kidogo. Nina maradhi ya kisukari tangu mwaka wa 1986, nilipokuwa msichana wa miaka 14. Kwa mtu kama mimi sukari ni adui na ni dawa: ikizidi mwilini huharibu macho, figo na mishipa polepole; ikipungua huniangusha chini kabla sijamaliza sentensi niliyoianza. Nimeishi na hali hiyo kwa sindano muda wa miaka 35, kisha katika utu uzima wangu nikalazimika kujifunza upya kuishi nayo kwa mashine ndogo ifungwayo kiunoni. Habari ya kujifunza huko ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Kwetu ni Soy, kilomita zipatazo 25 kutoka Eldoret, kando ya barabara iendayo Kitale. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, iliyo juu sana kuliko usawa wa bahari, yenye jua kali mchana na baridi ya kutetemesha usiku. Siitaji baridi hiyo kwa kuipamba nchi yangu. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyonitunzia dawa yangu nilipokuwa mtoto, kama utakavyoona.

Maradhi yalianza kwa kiu. Nilikunywa maji ya mtungi mzima na kiu isiishe. Nikawa natoka nje usiku mara nne, mara tano. Nikakonda hata sare ya shule ikaning'inia mwilini kama nguo ya kuazima. Nyanya yangu alidhani nimeingiwa na minyoo, akanichemshia mizizi. Siku nilipokosa nguvu za kusimama, baba alinipeleka hospitali ya wilaya mjini Eldoret, ambayo siku hizi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Huko niliambiwa kuwa kongosho langu limeacha kutengeneza insulini, nayo insulini ndiyo ifunguayo mlango wa chembe za mwili ili sukari ya damu iingie na kuwa nguvu. Mlango usipofunguliwa, sukari hujaa katika damu na mwili hufa njaa katikati ya shibe.

Wewe unayesoma baolojia umekwisha kuona maji ya buluu ya Benedict yakichemshwa pamoja na kitu chenye sukari: hugeuka kijani, kisha manjano, kisha rangi ya matofali. Kwako hilo ni jaribio la maabara. Kwangu lilikuwa kazi ya kila asubuhi, juu ya moto wa jikoni, na kilichochemshwa kilikuwa mkojo wangu mwenyewe. Kipimo cha damu cha mkononi sikukipata ila baada ya miaka mingi. Nilipofika kidato cha tatu na mwalimu akaonyesha jaribio lile darasani, wenzangu walishangilia rangi ikibadilika. Mimi niliinama, nikiogopa mtu asije akajua kuwa najua zaidi ya mwalimu.

Hata hivyo nilikuwa mtu mwenye bahati, na bahati yangu ilizaliwa mbali na Soy. Kabla ya mwaka wa 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna yangu alihukumiwa kufa. Waganga wa Ulaya na Marekani waliweza tu kumnyima chakula ili afe baada ya miaka badala ya miezi. Katika mwaka wa 1921, mjini Toronto huko Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa kutoka kongosho za mbwa, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod. Mgonjwa wa kwanza kudungwa alikuwa mvulana Leonard Thompson, tarehe 11 Januari 1922. Alikuwa na miaka 14, umri ule ule niliokuwa nao mimi. Sindano ya kwanza haikufaa kwa kuwa dawa ilikuwa na taka nyingi. James Collip akaitakasa, na ile ya tarehe 23 ikamwinua kitandani. Aliishi miaka 13 zaidi. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa chuoni niliifunga picha ya kijana yule katika daftari langu, kana kwamba ni ndugu yangu.

Sasa, dawa iliyotengenezwa kwa taabu hivyo huharibika ikipata joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa mahali penye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na nyumbani kwetu hapakuwa na stima, seuze friji. Nesi mmoja alimfundisha nyanya yangu la kufanya. Nyanya alichukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, akakiweka katika karai la mchanga uliolowa, ndani yake akatia chupa iliyofungwa katika mfuko usiopenya maji, akafunika kwa kitambaa kibichi, akakiweka pembeni palipopigwa na upepo. Maji yakipenya udongo na kugeuka mvuke, huchukua joto na kwenda nalo. Hiyo ni fizikia, ingawa nyanya hakuiita hivyo. Chungu hakishindani na friji, lakini kwa baridi ya Soy kilitosha. Aliujaza maji mchanga ule kila asubuhi kabla ya kukama ng'ombe, wala sikumbuki siku aliyosahau.

Miaka ya sindano ilikuwa miaka ya saa. Nilijidunga mara mbili kwa siku insulini ya maji meupe kama maziwa, ambayo huviringishwa kwanza baina ya viganja ili ichanganyike. Dawa ile ikishaingia mwilini haitoki tena wala haibembelezwi. Saa yake ya kufanya kazi ikifika hufanya, uwe umekula au hujala. Kwa hiyo chakula kiliifuata sindano kama mtumwa amfuatavyo bwana. Nilipokuwa mwalimu kijana, siku moja tulipata wageni shuleni na chakula cha mchana kikacheleweshwa kwa hotuba. Nilijua sukari inashuka. Jasho lilinitoka, herufi za ubao zikaanza kucheza. Kusimama mbele ya wageni na kuomba kikombe cha chai niliona ni aibu. Niliamka nikiwa chini, nimezungukwa na miguu, na mtu mmoja akisema kuwa mwalimu amelewa. Tangu siku hiyo nilibeba peremende, lakini sababu ya kuzibeba sikumwambia mtu. Niliona bora nidhaniwe mlafi kuliko kujulikana kuwa mgonjwa.

Katika mwaka wa 2021 mpwa wangu, ambaye ni nesi huko Minnesota, Marekani, alikuja likizo na kuniletea pampu ya insulini. Ni kitu chenye ukubwa wa pakiti ya kadi za kuchezea. Ndani yake mna kijichupa cha insulini, na injini ndogo inayokisukuma kidogo kidogo. Kutoka humo hutoka mrija mwembamba hadi tumboni, ambako kijibomba laini cha plastiki hukaa chini ya ngozi kwa siku mbili au tatu, kisha huhamishwa mahali pengine. Mpwa aliniambia, "Shangazi, utasahau sindano." Nilicheka. Daktari mmoja wa Eldoret alikubali kunifundisha, lakini juma la kwanza alikataa kuijaza dawa. Aliijaza maji ya chumvi, ili nijifunze kwanza kulala na mashine, kuoga bila mashine na kuamka na mashine kabla ya kuikabidhi roho yangu.

Alikuwa na hekima. Katika juma lile mrija ulinasa katika kitasa cha mlango, ukanasa katika mpini wa sufuria, na siku moja ukanasa katika komeo la zizi nikabaki nimefungwa kama ndama huku ng'ombe akinitazama. Nguo za wanawake wa umri wangu hazina mshipi wala mfuko. Nilikata kipande cha leso nikashona mfuko ndani ya gauni. Usiku nilikuwa nikigeuka na kuilalia, nikashtuka nikidhani nimemlalia mtoto.

Baada ya hapo insulini ya kweli ikatiwa, na maisha yangu yakapinduka. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Hutiririsha tone dogo kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, kama kongosho lifanyavyo. Na ukitaka kula huiambia wanga wa chakula chako ni gramu ngapi, nayo hukuongezea dawa ya chakula hicho. Usipokula, huongezi. Kabla ya kwenda kupalilia waweza kuipunguza kasi kwa saa mbili, maana misuli inayofanya kazi hula sukari. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, dawa ikaanza kukifuata chakula. Najua msomaji mwenye afya hataliona jambo hilo kuwa kubwa. Jumapili moja nilikaa kanisani mpaka saa nane mchana bila kula wala kuogopa, nikatoka nje nikalia nyuma ya ukuta.

Lakini mashine hutaka hesabu, na kitabu chake kilijua mkate, viazi na tufaha. Ugali hakikuujua, wala mursik. Mimi ni mwalimu wa hesabu, hivyo sikukubali kushindwa. Nilimwomba mwenye duka wa sokoni aniazime mizani yake. Unga wa mahindi mkavu, robo tatu yake au zaidi kidogo ni wanga. Basi nilipima unga kabla ya kusonga, nikapima ugali baada ya kuiva, nikagawa. Sehemu yangu ya chakula cha jioni ilitoka katika unga wa gramu 80, yaani wanga wa gramu 60. Na kwa kuwa yuniti moja ya insulini hunitoshea gramu 10, dawa yake ni yuniti 6. Mume wangu alitazama sahani yake ikipita juu ya mizani kwa makosa, akauliza kama siku hizi ugali unauzwa kwa kilo humu nyumbani. Mursik ilinichukua siku nyingi zaidi, kwa sababu kuchacha huila sehemu ya sukari ya maziwa, na kila kibuyu huchacha kwa kiasi chake. Hapo hesabu ilishindwa, nikawa naandika katika daftari: kikombe kimoja, sukari kabla, sukari baada ya saa mbili. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kuonekana. Sindano hufichwa, mtu huingia chooni akatoka. Pampu hulia. Siku moja katikati ya somo la aljebra ililia kuonya kuwa dawa inakaribia kwisha, na darasa zima likanyamaza, maana katika shule yetu simu ni marufuku na mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Mvulana mmoja wa nyuma akasema kwa adabu ya kejeli, "Mwalimu, simu yako." Ningeweza kusema uongo. Nilisimama muda, kisha nikaitoa pampu, nikaiweka juu ya meza na mrija wake, nikawaambia yote: tangu chungu hadi Toronto. Dakika zilizobaki hazikutosha kwa aljebra. Baada ya somo msichana mmoja alibaki, akanionyesha alama za sindano pajani mwake. Nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima, nami sikujua.

Mlinzi wa benki mjini Eldoret ni habari nyingine. Alipogusa mrija alirudi nyuma hatua tatu, akaniamuru niinue mikono. Niliinua. Ilichukua nusu saa na meneja mmoja kumaliza shauri hilo, na bado sikumlaumu, kwa kuwa waya unaoingia katika nguo si kitu cha kuchekea siku hizi.

Sasa nifike usiku ambao sipendi kuusimulia. Ilikuwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule, tulipokuwa tukipukuchua mahindi. Jioni nilibadilisha kijibomba kwa haraka, mikono ikiwa bado na vumbi la magunzi, nikala, nikalala. Saa nane usiku niliamka kwa kiu. Nilijisemea kuwa ni vumbi la mashine ya mahindi. Niliitazama pampu: betri nzima, dawa imo, kila kitu kimeandikwa kuwa kimekwenda sawasawa. Nikanywa maji, nikalala. Saa kumi niliamka tena kwa kiu, nikaitazama tena, nikaiamini tena. Alfajiri nilianza kutapika. Mume wangu aliwasha taa akauliza, "Mama, umejipima?" Nikamjibu kuwa hapana haja, mashine inaonyesha dawa yote imeingia. Akanijibu, "Lisemwalo na mashine nimelisikia. Sasa tukiulize kidole."

Kidole kilisema 27.4, kwa mtu ambaye asubuhi hutakiwa kuwa baina ya 4 na 7. Nilipokichomoa kijibomba nilikikuta kimejikunja kama ndoana chini ya ngozi; dawa ilikuwa ikitoka na kulowesha plasta. Pampu haikudanganya. Ilihesabu ilichokitoa, kilichopokelewa na mwili wangu haikuwa na njia ya kukijua. Na kwa kuwa haina insulini ya kukaa muda mrefu, ikikatika mwili haubaki na akiba yoyote: katika saa chache tu huanza kuchoma mafuta yake, ambayo hutoa asidi iitwayo ketoni, pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva mno, na mtu huweza kufa. Daktari alikuwa amenionya kuwa sukari ikipanda bila sababu, usibishane na mashine. Ondoa kijibomba, jidunge kwa sindano, kisha ndipo utafute kosa. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo kwa mkono wangu. Kosa lilikuwa langu, na nakwambia hivyo kwa kuwa mwalimu husahihisha madaftari ya wengine kila siku.

Insulini ya sindano ilikuwa wapi? Stima ilikuwa imekatika tangu jana yake, na friji ilikuwa na joto. Lakini tangu stima iingie Soy sijaacha kuweka chupa moja katika chungu, kwa mazoea tu, kama watu wengine wawekavyo picha za wazazi ukutani. Mume wangu alikwenda pembeni ya jiko, akarudi na chupa yenye ubaridi, akanidunga begani kwa mkono uliotetemeka. Kisha tukakodi gari hadi Eldoret, nikatundikiwa maji siku nzima, na jioni nikarudishiwa pampu yangu katika mfuko wa karatasi. Kwa siku tatu sikutaka kuitazama.

Niliirudia siku ya nne. Huenda ukaniuliza kwa nini, na jibu langu si la kishujaa. Nilikuwa nimekwisha kuonja kula nikitaka na kukosa chakula bila kuanguka, na ladha hiyo haisahauliki kwa usiku mmoja. Lakini siku hizi nabadilisha kijibomba asubuhi, si jioni, ili ikiwa kuna kasoro nijue nikiwa macho. Najipima saa mbili baadaye. Na kiu nikiisikia huiamini kuliko kioo cha pampu. Yule msichana wa paja hupita nyumbani Jumamosi tukalinganisha madaftari. Yeye hana pampu, na huenda asiipate kwa miaka mingi, maana vifaa vya kubadilisha kila siku tatu ni ghali kupita mshahara wa mwalimu, na vyangu hutegemea mizigo ya mpwa wangu. Ameniomba nimfundishe kuweka chungu.

Nimehesabu vifaa vilivyosalia kabatini: ni seti nne, yaani siku 12, na mpwa haji kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo juma lijalo nitaitoa betri, nitaifunga pampu katika leso, na nitarudia sindano mpaka atakapofika. Asubuhi ya leo jua lilikuwa kali mapema. Nimemtuma mwanangu alete karai la mchanga mpya, nami nimeulowesha kabla ya kwenda shuleni.